Keki ya Asali na Glasi ya Mayai, Itetemia

Bi. Mwanahawa Majidi anapasua yai ndani ya glasi, analiinua kwenye mwanga wa mlango, analigeuza huku na huku. Safi. Analimimina kwenye bakuli na kuchukua la pili. Uso ameukunja kama anayenunua nyanya kwa muuzaji asiyemwamini.

"Miaka ishirini na sita napika keki, sijawahi kuyapekua mayai hivi," anasema. "Ndivyo anavyotaka huyu mgeni. Na mimi bado namwangalia."

Mgeni mwenyewe, Rivka, ameketi kwenye kigoda akipima asali. Ni mtafiti wa nyuki, amepanga chumba cha uani hapa Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora. Ni Myahudi, na leo jua likizama mwaka mpya wao unaingia. Huliwa kitu cha asali, mwaka uwe mtamu. Asali ameitoa Usinge, magharibi mwa mkoa. Kuoka kwa makaa ndiko kulikomshinda, akamwomba mwenye nyumba.

Balaa lilianza wiki iliyopita, walipoijaribu keki ya kwanza. Rivka alikuja na sufuria mpya, ya mwenye nyumba hakuitaka. Maziwa na siagi akakataa, eti kwa dini yao havichanganywi na nyama, na keki italiwa baada ya nyama. Kisha akaomba glasi.

"Nikasema, huyu ananiona mchafu? Au mayai yangu viza? Yarabi! Namuuliza, anacheka tu."

Yai moja likatoka na tone la damu. Rivka akalimwaga lote nyuma ya ua, na jirani yao Tunu alikuwa pale akianika nguo. Kufika magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba kwa Mwanahawa kuna mzungu anamwaga mayai ya damu. Uganga huo, wakasema.

Kwa mpishi wa keki za harusi, maneno hayo ni njaa. Bi. Hafsa, muuza vitenge aliyeagiza keki za nikaha ya binti yake, alimpigia simu: asinunue unga kwanza. Oda hiyo ndiyo ingempatia Mwanahawa oveni anayoitamani miaka yote.

"Nilitaka kumwambia mgeni ahame, ila keki ya sikukuu nilishamwahidi."

Mchana huu, kabla mayai hayajaisha, hodi inapigwa. Bi. Hafsa anaingia bila kungoja karibu. Juu ya ua, kichwa cha Tunu kimeshachomoza.

"Nimekuja kuona kwa macho yangu."

"Kaa uone."

Yai jingine linapasuliwa. Tone jekundu limeganda kwenye kiini. Mwanahawa anaisogeza glasi mbele ya Bi. Hafsa.

"Hili nilifanyeje, Bi. Hafsa?"

"Unaniuliza? Damu inaliwa? Litupe, astaghfirullah!"

"Hata sisi," Rivka anasema taratibu. "Damu hatuli. Ndiyo maana glasi."

Mwanahawa anamgeukia, mkono kiunoni. "Wiki nzima nakuona mchawi, kumbe ni hili tu? Si ungesema!"

"Hukuniuliza tena, Mama."

Bi. Hafsa haridhiki upesi. Anakaa mpaka keki inaiva, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Anamwacha Rivka aonje kwanza, kisha Mwanahawa. Anawatazama wote wawili wakimeza. Ndipo anasema, "Nikatie."

Anakula, anarudia kipande.

"Za binti yangu utapika barazani, watu waone, na glasi mezani," anaamua. "Nami nitakuwepo."

Mwanahawa anafuta macho kwa ncha ya kanga, anasema ni moshi. Oveni ikipatikana, anataka kuuza keki ya asali stesheni, kwa abiria wa Kigoma na Mpanda.

Anafunga kipande kwenye karatasi na kumpitishia Tunu juu ya ua. Tunu anakiinua kwenye mwanga, anakigeuza huku na huku.

"Nyie mmeshakula?"

"Kula, shoga. Kesho utanunua."