Firigisi Niliyompa Kaka

Siku ya kwanza kukabidhiwa upawa nilikuwa darasa la tano. Mama alirudi kutoka mazoezi ya kwaya amechoka, akakaa kwenye kigoda, akanisukumia sufuria na kusema leo unapakua wewe. Niliikodolea macho sahani hadi mchuzi ukamwagikia mkeka. Hakunigombeza. Alisema nianze upya, na safari hii nimtazame ninayempakulia badala ya kukodolea macho sahani.

Ninawaandikia nyie wadogo zangu ambao siku hizi mnapika kwa kutazama simu. Hata mimi mengi nilijifunza mwenyewe, kwa kuchungulia na kuunguza. Bado ni kijana, lakini katika kazi hii ya kupakua chakula cha jioni nimeshastaafu, na sikustaafu kwa heshima.

Nyumbani kwetu Kizota siku nyingi tulikula ugali wa uwele na mlenda. Kuku alikuwa wa mara chache, akija mgeni au ikifika sikukuu, na kuku ndiye aliyekuwa mtihani wa mpakuaji. Unamkata kwenye maungio, kisu kipite katikati ya mifupa bila kuivunja, maana mfupa ukivunjika vipande vyake huingia mchuzini na kumchoma mtu fizi. Halafu kila kipande kina mwenyewe. Paja ni la mgeni. Kidari kinagawanywa. Mabawa ni ya watoto. Shingo ni ya atakayekula mwisho. Firigisi, ile nyama ngumu ya tumboni ambayo unaipasua, unaiosha mchanga na kuimenya ngozi yake ya njano, ilikuwa ya Baba. Hilo halikujadiliwa.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Siku za kuku alirudi jioni macho mekundu, akanawa, tukasali, kisha akaikata firigisi yake na kunipa kipande mimi mpakuaji.

"Mshahara wako huo," alikuwa akisema. "Ukidai nyongeza nakufukuza kazi."

Nilikuwa mtu wa wasiwasi tangu hapo. Nikimaliza kupakua nilirudi kuzitazama sahani moja moja, nahamisha kipande hiki kwenda kule, mpaka Mama aseme jamani watu wana njaa.

Kituo changu cha pili kilikuwa Makole, kwa Shangazi, dada yake Baba, nilikokaa nikisoma sekondari. Shangazi alikuwa mhasibu serikalini, na jikoni alikuwa bosi mkali kama ofisini. Kwake tulikula mezani, chakula kikiwa kwenye hotipoti. Alinifundisha kumpakulia mtu kwa upande wa kulia na kufuta ukingo wa sahani kwa kitambaa kabla haijafika mezani. Nilipapenda sana. Kila kitu kilikuwa na kanuni, na mwenye kanuni hana haja ya kuogopa.

Jioni moja nilimwekea firigisi mume wake, kama nilivyozoea nyumbani. Shangazi alinyoosha uma, akaihamishia kwake.

"Kwangu firigisi inamfuata anayelisha nyumba," alisema.

Mume wake, ambaye wakati huo alikuwa anatafuta kazi, alicheka hadi akapaliwa. Akasema kumbe ameachishwa kazi hata mezani. Ulikuwa utani wa watu waliozoeana. Mimi niliuweka kichwani kama kanuni nyingine.

Niliporudi Kizota nikakuta nyumba imebadilika. Macho ya Baba yalikuwa yameharibiwa na ule moto wa kuchomelea. Aliona vivuli tu, na alishinda uani akinoa visu vya majirani kwa kupapasa. Kaka yangu Elia alikuwa amepata ajira, na unga, umeme na maji vilitoka kwake. Hakuna aliyelisema hilo kwa mdomo. Nilirudishiwa upawa wangu, na firigisi iliendelea kwenda kwa Baba, lakini kila nilipoipakua nilihisi kama ninafanya kosa ambalo siku moja mtu ataligundua.

Jumapili moja, mwaka huu huu, Elia alirudi kutoka safari ya kikazi Kondoa na jogoo aliyefungwa miguu. Nilimkata vizuri kuliko siku zote. Wakati wa kupakua nilisimama na upawa nikiwaza. Nikajiuliza ni nani anayelisha nyumba hii. Nikapata jibu, nikaiweka firigisi kwenye sahani ya Elia, nikafuta ukingo.

Elia aliitazama. Tonge alilokuwa analifinyanga likabaki kiganjani. Akanigeukia, akanong'ona huku akitabasamu:

"Neema, umechanganya sahani."

Alikuwa ananisaidia. Nilichotakiwa kufanya ni kucheka na kuzibadilisha. Baba haoni vizuri; pengine angesikia tu sahani zikisogezwa, akanitania, yakaisha. Lakini mimi sijawahi kuvumilia kuambiwa nimekosea.

"Sijachanganya," nilisema, kwa sauti ya kawaida.

Masikio ya Baba ni mazima. Alipapasa sahani yake, akagusa alichopewa, akauondoa mkono.

"Kula, baba," alimwambia Elia. "Ni jasho lako."

Elia hakuigusa. Mama aliinuka, akautoa upawa mkononi mwangu taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto wembe.

"Kaa ule, mwanangu," alisema. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Tangu siku ile hakuna anayepakua, hata Mama. Nyama inawekwa kwenye bakuli moja katikati ya mkeka, kila mtu anachukua kwa mkono wake. Baba anachovya mchuzi tu. Anasema nyama inamsumbua meno, na mchana namsikia uani akitafuna mahindi ya kuchoma.

Nilimfuata huko siku moja, nikapiga magoti, nikamwambia Baba nisamehe, nilikosea. Hakuacha kunoa.

"Hukukosea," alisema. "Ungekuwa umekosea, ningekucheka."

Akaniomba nimwongezee maji kwenye jiwe.

Nimelifikiria neno lake kila jioni, nikiosha vyombo, maana sasa hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo. Wadogo zangu, mimi nilidhani mpakuaji mzuri ni yule asiyekosea. Nilijua maungio yote ya kuku, nilijua upande wa kulia na wa kushoto, na Mama alikuwa ameniambia nimtazame mtu tangu siku ile ya kwanza, ila Baba sikumtazama. Nikimkumbuka Baba akiuondoa mkono wake kwenye sahani, natamani kujificha hata nikiwa peke yangu.

Jana tulikula kuku tena. Tulisali, Mama akafunua bakuli, mvuke ukapanda. Sikunyoosha mkono. Mkono wa Elia ulikuwa umeshafika kwenye bakuli, akanitazama, akaurudisha. Mama naye akatulia. Tulikaa hivyo, ugali ukianza kukauka juu. Baba aliinamisha kichwa akitega sikio, akisubiri kusikia watu wanatafuna.

"Kulikoni?" aliuliza. "Mnasali tena?"

Elia ndiye aliyesema, "Tunakusubiri wewe, Baba."

Baba alisogea mbele kwenye mkeka. Kisha akanyoosha mkono, akalitafuta bakuli, akaingiza vidole. Vilipita juu ya paja, vikasita kwenye firigisi, vikapita juu ya kidari. Vikatoka na shingo.

"Haya," alisema, "kuleni."

Tukaanza kula. Sikuweza kuinua uso.