Kipara na Maboga ya Mama Mkwe

Walimwita Kipara, na si kwa sababu ya kichwa. Kichwani alikuwa na nywele tele. Jina alilipata kazini. Alikuwa mfyeka nyasi kwenye shamba la paneli za sola, na alipopita na mashine yake ardhi ilibaki tupu, hata panzi akakosa pa kujificha. Na alivyojivuna, utadhani jua lenyewe ameliwasha yeye.

Upande wa pili wa uzio mama mkwe wake alilima maboga. Mwaka ule maua yalichanua, yakanyauka, yakaanguka. Hakuna boga lililoshika.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe, kwa ule upole unaotisha kuliko kelele, "nyuki wadogo wa porini walikuwa wanakula kwenye magugu yako. Umewafukuza. Sasa kazi yao utaifanya wewe."

Utamjibu nini mama aliyekupa mke? Kila asubuhi kabla ya kazi Kipara aliinama na brashi ya kunyolea, akihamisha chavua ua hadi ua, kiuno kikimuuma. Wiki ikapita, boga halikushika. Mama mkwe akaja kutazama.

"Baba, haya yote ni madume! Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Wewe unachukua barua unamrudishia aliyeiandika!"

Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo Kipara alipoanza kuwaheshimu nyuki. Akaacha ukanda wa magugu yenye maua kando ya uzio, roho mkononi, maana kazini sheria ilikuwa moja: nyasi zikionekana, unakwenda nyumbani. Msimamizi akafika, akakodoa macho.

"Kipara, unaumwa?"

"Mkuu, hayafiki kwenye paneli. Yakitia kivuli, nifukuze."

Msimamizi akayapima kwa futi. "Yakipita goti langu, umekwisha."

Na alivyokuwa mfupi, jamani! Kipara akawa anapiga magoti na mkasi, anapunguza shina mojamoja.

Wiki ya tatu alichungulia ndani ya ua jike. Nyuki mdogo mweusi alikuwa amelala humo, mgongo umejaa unga wa njano. Kipara alifurahi mno. Mama mkwe akamkuta anafuta macho.

"Chavua imeniingia, mama."

"Pole, baba," alisema mama mkwe, akageukia upande mwingine ili mkwe wake amalize kulia.