Mzee wa Kanisa Mbele ya Sumaku

Miaka michache iliyopita, daktari wa Mwanza alishuku kwamba protini imejazana kwenye nyama ya moyo wangu na kuukakamaza. Akanituma Nairobi nipigwe picha kwenye mashine ya sumaku. Alinisindikiza shemeji yangu, mama Kulwa, ambaye mimi mzee wa kanisa nilikuwa nimemtenga na ushirika kwa sababu alivaa hirizi.

"Shikamoo mzee. Una chuma chochote mwilini?" mpiga picha aliuliza.

"Marahaba. Sina hata pini!" Ningekirije mbele ya shemeji? Uongo ule ni wangu, simsingizii mtu.

Nilipoikaribia mashine, kamba ya kiunoni ilikatika. Hirizi yangu yenye sindano ndani ikaruka, ikanasa kwenye mashine.

Mama Kulwa alichungulia mlangoni. "Shemeji, Jumapili utatubu mwenyewe mbele ya waumini, au nikusemee?"