Mikaratusi ya Chemchemi ya Kishanda

Vita vilipokwisha tulibaki na kuni chache na misiba mingi. Wanajeshi walipita na mashoka yao, kisha ukaja ule ugonjwa wa kukonda, na kwetu Kishanda msiba hula kuni: jirani haendi matangani mikono mitupu, hubeba gogo la moto wa waombolezaji. Kamati ya miti ikaundwa. Mimi, mwalimu msomi, nikawa katibu.

Mtaalamu alitoka mjini na gari lililokunywa dizeli kuliko mashine zote za kijiji. Akaitazama chemchemi yetu na miti ya asili iliyoizunguka, akasema hivyo ni vichaka tu. Tufyeke, tupande mikaratusi. Hukua upesi, na penye maji hukua upesi zaidi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Shangazi aliyenilea hakupiga makofi. "Waitu mwalimu," aliniambia kwa heshima ya kwetu, "hiyo miti inakunywa kuliko wanywaji wa rubisi. Mtakuja kuchota nini?" Nilimcheka. Shule hakwenda, angejua nini huyu!

Mikaratusi ikapaa kweli. Chemchemi ikapungua mwaka hadi mwaka, mwishowe mbuzi wakawa wanapita hapo bila kulowa kwato. Mtaalamu akarudi, akaandika kwamba hali ya hewa imebadilika. Mvua zilikuwa zimepungua, sikatai, ila tone lililobaki lilikuwa linanyonywa na miti yangu. Kuhusu miti alitupongeza. Nami, mjinga wa kusoma, nikaziandika pongezi kwenye daftari la kamati.

Wakati huo shangazi alikuwa kitandani kwa ugonjwa uleule wa kukonda. Tumbo lilimsumbua kutwa, naye alikuwa mtu wa usafi kupindukia. Alichotaka ni kuoga tu. Nilifuata maji bondeni, asubuhi nzima kwa ndoo moja. Ndoo hiyo ilikuwa ya kunywa na kupikia, basi nikampa kitambaa chenye unyevu ajifute. Aliona aibu, nami nikaona aibu kuliko yeye. Hakunikumbusha maneno yake hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Alipofariki, majirani walikuja kila mmoja na gogo lake la mkaratusi. Ua ulijaa kuni kavu, za kutosha misiba mitano. Wanawake waliokuwa wakimwandaa wakatoka ndani, wakaniuliza maji ya kumwoshea yako wapi. Nilichukua ndoo nikashuka bondeni, na shangazi yangu akanisubiri mpaka mchana.