Birika la Mpishi wa Manowari

Mpishi wa manowari iliyotia nanga pwani kwetu ana mikono mipana na sauti ya kubembelezea watoto. Tangu meli ya mafuta ipasuke huko nje baharini, wanamaji wanayazingira mafuta kwa maboya marefu, na sisi raia tuliojitolea tunasaidia kuyavuta maboya hayo mpaka watu wanakuwa weusi hadi viwikoni. Saa nne mpishi hutoka na birika la chai ya tangawizi na sahani ya mahamri. Hampi mtu kikombe ashike. Hufuta ukingo wake kwa aproni, hupuliza chai, kisha humwambia baharia mwenye ndevu za mvi, “Achama, mwanangu,” akamnywesha, akamtia na kipande cha mahamri kinywani. Hata afisa aliyeshika kamba hulishwa vivyo hivyo, wala hakuna anayecheka.

Mimi, karani wa Shimanzi, nilikuwa nimewaaga majirani zangu wa mtaa wa Buxton kana kwamba bahari nzima inaningoja mimi. Asubuhi ya siku yangu ya kwanza nilikuwa nimeshajipiga picha kando ya boya, na kumwelekeza mwenzangu Baya avute vipi. Zamu yangu ya chai ilipofika nilifumba macho, nikaachama. Nikangoja. Chai haikuja. Nilipofumbua, mpishi alikuwa akizitazama glavu zangu, nyeupe vilevile nilivyozinunua. Hakukasirika. Alinikabidhi birika na kikombe.

“Mikono yako safi, bwana,” akasema kwa upole uleule. “Haya, wanyweshe wenzako.”