Diski ya Wanawake

Kompyuta ya nyumbani kwetu Makorora, Tanga, ilianza kukohoa wiki ile ile dada alipopiga simu kutoka Maskati kusema anakuja. Na kukohoa kwenyewe si mchezo. Unaiwasha, inanguruma kama kawaida, halafu ndani ya boksi kitu kinagonga, kwa, kwa, kwa, kama mtu amefungiwa humo anaomba atolewe. Mama akasikia, akaja na upawa mkononi.

"Inasema nini?"

"Inasema imechoka, mama."

"Imechoka na nini? Si inakaa tu hapo?"

Na nyumba nzima mimi ndiye fundi. Ufundi wangu niliupata kwa kubeba maboksi kwenye ofisi moja ya kuchapa barua mjini, baada ya kumaliza darasa la saba. Nilijua kuiwasha, kuizima bila kung'oa waya, na kutia nyimbo. Kwa mtaani kwetu wakati ule, mtu huyo ni profesa. Kompyuta yenyewe tuliipata mtumba kutoka Mombasa, ikapita mpakani Horohoro imelazwa katikati ya magodoro, na nadhani ile safari haikuipenda toka mwanzo.

Sasa tatizo si nyimbo zangu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na harusi ya dada. Si ile ya msikitini, ile wanaume tuliiona na pilau tukalila. Huu ni usiku wa wanawake. Alikuja mama mmoja mwenye kamera, akaipiga ngoma yote ya ndani. Mabaibui yametundikwa, nywele nje, viuno vinafanya kazi, na mwanamme haruhusiwi kuona hata kivuli. Kanda ya kamera ilishaliwa na ukungu, mambo ya hewa ya bahari. Iliyobaki ni ile iliyohamishiwa kwenye kompyuta, ndani ya folda, ile bahasha ya njano ya kwenye kioo, ambayo mama aliamuru iandikwe USIGUSE.

Na mtu ambaye hajauona usiku ule kabisa ni dada mwenyewe. Kwetu biharusi akitolewa anakalishwa kwenye kiti kafumba macho, kimya, hatikisiki. Wenziwe wanamchezea, wanatunzana, wanaangukiana, wanacheka mpaka wanja unawachuruzika, na yeye hafumbui hata jicho moja, akifumbua atasemwa mpaka azeeke. Kesho yake akapanda ndege na mumewe. Mama alimwahidi: ukirudi utauona wote. Kazaa huko, watoto wanasema Kiarabu, ahadi iko pale pale. Sasa anakuja, na kompyuta inakohoa.

Nikamwambia mama dawa ipo, tununue hadidiski ya nje. Ni kama kisanduku, unakichomeka kwa waya, unahamishia vitu vyako, kompyuta ikifa vitu vinabaki hai.

"Kina kufuli?" mama akauliza.

"Hakina."

"Basi tutakitia kwenye sanduku lenye kufuli."

Tukaenda mjini mimi, mama na shangazi. Shangazi ilibidi aje, kwa sababu kwa habari nilizosikia, katika ngoma ile yeye ndiye aliyecheza kuliko watu wote. Duka lilikuwa la Mpemba mmoja ambaye kila meli ikiingia alikuwa na biashara mpya. Leo pasi, kesho mapazia, keshokutwa simu za mkononi. Diski alizipanga kwenye kabati la kioo, katikati ya redio na vitana.

Ujue mama ni mtu wa foleni. Katulea miaka ya dhiki, ya duka la ushirika, unajipanga tangu alfajiri, ukifika dirishani unapewa kilichopo. Umefuata sabuni, imekwisha, unapewa betri, unashukuru unarudi nayo. Kuchagua hakukuzoea. Akalitazama lile kabati kama mtu anayetazama ugomvi wa watu wengine.

"Ipi ile ya kawaida?" akauliza.

"Zote za kawaida, bimkubwa," Mpemba akasema. "Na zote nzuri."

"Kama zote nzuri, kwa nini ziko nyingi?"

Mpemba akafikiri, akaona bora abadilishe njia. "Hebu nambie, mnataka kutilia kitu gani? Mie ntakwambia mchukue ipi."

Mama akamtazama shangazi. Shangazi akatazama feni.

"Mchele," mama akasema.

"Mchele?"

"Wa Pemba," shangazi akaongezea, kumfurahisha.

Mpemba akanigeukia mimi. "Yakhe, mchele gani huo?"

"Mchele wa video," nikasema, na papo hapo nikafinywa mbavuni. Mpaka leo sijui alikuwa nani, vidole vyao vinafanana.

"Mrefu?"

Hapo pagumu. Ningejuaje urefu, na bahasha imeandikwa USIGUSE? Nikakumbuka usiku ule nilikaa nje kwenye baraza nalinda masufuria. Ngoma ilianza tumetoka kuswali isha, na ilipokatika mwadhini wa alfajiri alikuwa anasafisha koo. Nikamwambia Mpemba hivyo hivyo. Akapiga hesabu kwa midomo, akatoa diski mbili, akasema yoyote hapa itatosha na nafasi itabaki tele.

Moja ilikuwa kubwa, nzito kama tofali, na waya wake wenyewe wa kuchomeka ukutani. Nyingine ndogo, kama kipande cha sabuni ya mche, inakula umeme wa kompyuta hiyo hiyo. Roho yangu ikaenda kwenye ndogo. Nilishajiona navuka nayo mtaa kwa rafiki zangu, mfukoni, imejaa filamu za karate.

Shangazi akazipima, moja mkono huu, moja mkono huu, kama anapima pweza. "Hii ndogo, wifi. Naitia hapa kifuani, nani ataiona?"

"Ndiyo maana siitaki," mama akasema. "Wewe utaitia kifuani, huyu ataitia mfukoni, jioni iko kijiweni watu wanakutazama wewe na lile gauni lako la kijani."

Shangazi akairudisha ile ndogo juu ya meza kama imemuunguza.

"Hii kubwa," mama akaendelea, "mtu akitoka nayo nyumbani nitamuona. Atatembea upande."

"Lakini mama, nafasi itabaki," nikasema. "Si ningetia na filamu zangu humo pembeni?"

"Chumba cha wanawake kikiwa na nafasi, ndiyo wewe uhamie na godoro lako?"

Mpemba akainama chini ya meza kutafuta kitu. Alikitafuta muda mrefu, mabega yanamtikisika. Alipoinuka shangazi alikuwa anamsubiri.

"Tukishaondoka nayo, wewe huku dukani unaweza kuona kilichomo?"

"Siwezi, mama."

"Hata ukitaka?"

"Hata nikitaka."

"Kwa hiyo ungetaka."

Maskini Mpemba, akatupunguzia bei bila kuombwa, ili tuondoke tu.

Kazi ya kuhamisha tukaifanya mchana ule ule. Mimi nikakalishwa nimeelekea ukutani, uso kwa uso na mjusi. Nyuma yangu mama ananilinda, na nyuma ya mama shangazi kakaa kwenye kompyuta, kashika mausi kwa mikono miwili kama anakuna nazi. Boksi linagonga, kwa, kwa.

"Shangazi, unaiona bahasha ya njano?"

"Naiona."

"Weka mshale juu yake. Bonyeza, usiachie, halafu buruta mpaka kwenye ile diski mpya."

"Nimebonyeza."

"Usiachie."

"Nimeachia."

"Basi bonyeza tena."

"Nimebonyeza. Nikabonyeza tena. Imefunguka. Kuna kitu kingine, nacho nimekibonyeza."

Ngoma ikalia chumba kizima. Vigelegele, msondo, mtu anacheka.

"Funga, shangazi. Hapo hatujahamisha kitu, umefungua tu."

Ngoma inaendelea.

"Shangazi?"

"Subiri. Huyu ni mimi."

Nikasikia ndara za mama zinaniacha. Aliyekuwa ananilinda kaenda kutazama. "Wifi," nikamsikia anasema, "mbona siku ile hukuniambia unajua hivi?" Na shangazi: "Wewe ulikuwa jikoni." Wakacheka. Vumbi la sakafuni likaanza kuruka, nikajua mmoja wao kasimama anaonesha. Mimi na mjusi tunatazamana. Na boksi sasa halikohoi tena, linapiga nyundo.

"Mama," nikasema kwa ukuta, "ikifa hapa hapa, mmeiona nyinyi tu. Dada hatoiona."

Ngoma ikakatwa kama imenyongwa.

Baada ya hapo shangazi aliburuta kwa adabu. Kila hatua ananiuliza, namjibu, anafanya. Kimstari cha kijani kikaanza kutembea polepole, wananitangazia kama mpira wa redioni. Kimefika nusu. Kimesimama. Kinakwenda. Mama akaanza kusoma dua, shangazi anaitikia amin, mimi naitikia na ukuta. Kilipofika mwisho nikaambiwa naweza kugeuka. Diski ilishafungwa kwenye kanga, inaelekea kwenye sanduku la mama, chini kabisa, pamoja na udi. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyojifunga.

Siku chache baadaye kompyuta haikukohoa tena. Haikunguruma, haikuwaka, haikufanya kitu. Mama akaipita na ndoo ya maji hata hakugeuka. "Ilale salama," akasema, "mzigo wetu tunao." Nyumba ikapigwa chokaa, dada anakuja.

Dada akaja Alhamisi, mnene, ananukia, kabeba zawadi za mtaa mzima. Hata chai hajamaliza akasema, "Mama, iko wapi?" Mama akafungua sanduku kwa raha, akakunjua kanga, akaiweka diski juu ya mkeka mbele yake. Tukakaa tunaitazama. Yenyewe ikatutazama.

"Haya," mama akaniambia. "Iwashe."

Hapo ndipo na mimi profesa nilipopata akili. "Mama, hii haina kioo. Haioneshi yenyewe. Inataka kompyuta."

Mama akaigeuza diski huku na huku. "Kwa hiyo tumewaficha wanaume wote wa Tanga."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi wenyewe tumejificha."

Dada akaanza kucheka, shangazi akafuata, mama akajikaza, mwisho akaachia na yeye, diski iko katikati yao kama mgeni asiyejua lugha. Lakini kicheko cha dada kiliisha kabla ya vya wenzake. Likizo yenyewe ni fupi, na kompyuta zote nilizozijua mjini zilikaa kwenye ofisi zimejaa wanaume. Akaichukua ile diski, akaipakata.

"Yule Mpemba," mama akasema, anajifuta macho. "Ana kompyuta nyuma ya meza."

Kesho yake Ijumaa, duka linafungwa kwa swala. Mpemba alikubali kabla mama hajamaliza kusema shida yake, nadhani kwa kumuogopa shangazi, aliyetaka kwanza kuhakikishiwa kwamba kompyuta ile haitakumbuka kitu wakishaondoka. Nikachomeka waya, nikatolewa nje. Mpemba naye akatolewa nje ya duka lake mwenyewe. Mlango wa bati ukashushwa, tukaenda msikitini.

Tuliporudi bati bado liko chini. Tukakaa kwenye ngazi. Ndani ngoma inalia, vigelegele, halafu kicheko kimoja kinawapita wote, cha dada, kile chake cha utotoni cha kukatika pumzi. Mpemba akatega sikio.

"Ndo ule mchele?"

"Ndiyo huo."

"Kweli ni mrefu," akasema, akaita muuza kahawa.

Ngoma ikanyamaza. Bati likainuka kidogo, dada akachungulia, kajitanda ushungi, wanja umefika mashavuni. Mpemba akasimama haraka, kafurahi.

"Alhamdulillahi, mmemaliza."

"Wao wamemaliza," dada akasema. "Mie ndo kwanza nafumbua macho. Tunarudia mwanzo."

Bati likashuka. Ngoma ikaanza upya. Akaja mteja, anataka betri, akatutazama na vikombe vyetu, akauliza kama duka limefungwa. Mpemba akapuliza kahawa yake.

"Halijafungwa," akasema. "Ndani pana mchele unapembuliwa. Kaa."