Herufi za jivu uani kwangu Mgori, na ile moja ambayo mjukuu wangu hakuimalizia

Wakuu habari za humu. Walio wakubwa kwangu, shikamooni.

Mimi napitaga tu kimya, nasoma naondoka. Leo naandika kwa sababu kuna mtu ameuliza njia ya kumfundisha mtoto herufi nyumbani kwa michezo, na mnamjibu kirahisi sana.

Niliyoyaona ndiyo ninayoyaandika. Na majina nitataja, maana wao walipotaja langu hawakuogopa. Uandishi mnisamehe, shule niliachia darasa la tatu nikapelekwa kuchunga.

Nilikuwa naishi kitongoji kimoja maeneo ya Mgori, upande wa kuelekea msituni. Mume wangu alifariki, akaniachia tembe, nyumba yetu ya udongo, shamba la alizeti na ndugu zake.

Mdogo wake, Jumanne, alitaka kunirithi. Kwetu hilo lipo. Nikamwambia mbele ya wazee, "Shemeji, mimi si jembe la marehemu."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

Mkewe Tatu ndiye aliyenichukia zaidi, na mpaka leo sielewi, maana mumewe nilimwachia mzimamzima.

Binti yangu Rehema yuko Dodoma, anapika mgahawani. Aliniachia mwanae Nuru, mdogo, hata meno ya utotoni yalikuwa hayajaanza kung'oka. Chekechea mbali, njia inapita porini. Nikasema, herufi si nazijua? Nitamfundisha mwenyewe.

Daftari anachana. Chaki hakuna. Jivu lipo kila siku.

Nikawa nalichekecha mpaka linakuwa laini kama unga, asije akashika kaa la moto. Nafagia ua, nachota kiganjani, naliachia lipite katikati ya vidole polepole. Herufi inatokea nyeupe juu ya udongo mwekundu. Mtoto anaizunguka kwa mguu mmoja huku anaitaja. Akiikanyaga, anaanza upya.

Alishika haraka mpaka nikashangaa.

Ndipo nikabuni mchezo mwingine: kila herufi ina nyumba yake. Mtoto wa kijijini hayajui yale matreni ya kwenye vitabu, anajua majirani. K ni ya Mzee Kassimu. H ni ya Mama Halima. Tunapita, tunaamkia, anaandika kwa jivu herufi ya mwenye nyumba pale kizingitini.

Mzee Kassimu alikuwa anaupenda sana huo mchezo. "Karani wangu amekuja! Leo umeniletea harusi au kesi?"

"Nimekuletea K."

"Basi iacheni nikae nayo. Mtu asiifagie."

Wasio wa kwetu niwaeleze kitu. Pale kitongojini jivu mlangoni kwa mtu lina maneno yake. Ukiamka ukalikuta kizingitini, unajua kuna mtu amekufungia safari ya kaburini. Nilijua. Lakini ni mchana kweupe, mtoto anacheka, mwenye nyumba anacheka. Nani ataogopa K?

Asubuhi moja Mzee Kassimu alianguka zizini akikamua. Hakuamka. Presha, alikuwa nayo miaka yote.

Watu walipofika msibani, ile K ilikuwa bado pale. Nzima, kama imeandikwa muda uleule. Na upepo wa Singida mnaujua.

Watu wakawa wanaingia kwa kuiruka. Hakuna aliyeifagia. Niliona tu macho yanatoka chini yanahamia kwangu.

Mchezo wa milangoni nikaukomesha siku hiyohiyo. Tukabaki uani kwetu.

Haukupita muda Nuru akashikwa na homa. Kutwa nzima amelala kwenye mkeka pembeni yangu, hata kukaa hawezi. Kesho yake nikasikia kelele kwa Mama Halima. Kizingitini kwake kuna H ya jivu, na mtoto wake mchanga amechemka mwili, macho yamegeuka.

Nilienda kuangalia. Ilikuwa H ya Nuru kabisa, mguu mmoja mfupi kama anavyoandika yeye.

Nikachuchumaa. Jivu langu mimi ni la kuni, tena limechekechwa. Lile lilikuwa na maganda meusi ya alizeti ambayo hayajaungua vizuri. Na aliyekuwa anapikia maganda ya alizeti pale ni Tatu peke yake, maana Jumanne alikuwa kibarua kwenye mashine ya kukamua mafuta, akirudi anarudi na gunia la maganda.

Nikalisema kwa sauti, watu wote wasikie.

Tatu akanijibu, "Mama Rehema, siku hizi unanusa majivu? Mchawi gani hajui jivu lake?"

Watu wakaguna. Kesi ikaishia hapo.

Yule mchanga wa Mama Halima alipelekwa zahanati, ikaonekana malaria, akapona. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Siku chache baadaye walikuja, baada ya adhuhuri. Nilijua kwa ukimya, aisee. Vinu vilinyamaza, mbwa hawabweki, hata kuku sikuwaona walipoenda. Kisha nikawaona wanatokea kwenye alizeti, majirani niliowapikia kwenye misiba yao, wana fimbo na mapanga. Jumanne mbele na dumu la mafuta ya taa. Tatu nyuma yake ana kiberiti.

Nuru homa ilikuwa imeshamwacha, alikuwa uani. Asubuhi ile tulikuwa tumeandika herufi zote, zimezunguka tembe lote kutoka pembe hii mpaka ile.

Walipofika kwenye mistari wakasimama kama wamekuta ukuta. Mtu mzima ana panga mkononi, anatazama chini anatafuta pa kukanyaga, hapaoni.

Mjukuu wangu akainuka, akajifuta mikono kwenye gauni. Nilimfundisha mgeni akifika anaamkiwa.

"Shikamoo babu mdogo."

Wakuu, Jumanne aliitikia. "Marahaba." Na dumu analo. Lilimtoka lenyewe.

Nuru akapita kwa mmoja mmoja. Shikamoo. Marahaba. Shikamoo. Marahaba. Sauti za chini kabisa, kama watu walioko kwenye mazishi. Alipomaliza akarudi kwa Jumanne, akachota jivu.

"Babu mdogo, wewe sijakuandikia yako."

Akaanza palepale, mbele ya viatu vyake. Mstari ukawa unashuka taratibu. Mimi niko mlangoni, naangalia.

Tatu akapiga kelele, "Mzuieni huyo mtoto! Mzuieni!"

Hakuna aliyesogea.

Mkono wa Nuru ulipokaribia kukunja ile kona ya chini ya J, Jumanne alitupa dumu akakimbia. Waliobaki wakamfuata.

Tuliondoka siku ileile kwa lori la alizeti, na nguo tulizovaa. Nilienda kushtaki, nikaambiwa mbona hakuna aliyechomwa. Tembe langu mpaka leo limekaa bure, waliolitaka wanaliogopa.

Sasa niko Mkiwa, nauza karanga na mahindi ya kuchoma pale njia panda. Nuru yuko shule, anasoma vizuri kuliko mimi.

Nilidhani yameisha. Majuzi hapa Tatu akashuka kwenye basi. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Akasimama nje, kizingiti changu hataki kukivuka.

Anasema Jumanne mguu umeoza, usiku halali. Anasema ule ua wangu umeota majani kote isipokuwa pale kwenye ule mstari wa J. Mvua imenyesha, mstari upo.

"Mama Rehema, nakuomba. Mwambie mtoto aje akaufute."

Nikamwambia, "Ufagio unao. Nenda kafagie mwenyewe." Nilifurahi wakuu, sitawadanganya.

Nuru alikuwa nyuma yangu kumbe. Akatoka.

"Shikamoo bibi mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Siyo kufuta," akamwambia. "Bado kumalizia."

Tatu aliondoka anakimbia, kitambaa cha kichwani akakiacha barabarani.

Mimi siamini herufi inaua. Mzee Kassimu ni presha, na Jumanne nasikia ni sukari. Wabaya ni wale wawili, na watu wote waliowafuata bila kuuliza. Lakini mtoto amesikia wakubwa wakisema mkono wake unaua, na hajanionyesha kwamba anabisha.

Kwa hiyo mwenye ule uzi, nakushauri: fundisha kwa mbegu za alizeti, kwa maharage, kwa udongo, mtoto aumbe herufi kwa vidole. Ni mchezo mzuri na unaingia kichwani. Jivu acha. Na mchezo wa ndani usiutoe mpaka kwenye milango ya watu.

Siku hizi jivu namwaga mwenyewe, mbali, kabla hajarudi kutoka shule.

Jana nilichelewa. Nimemkuta amechuchumaa jikoni, analipitisha kwenye vidole, anaangalia linavyoshuka.

"Bibi, tukienda Mgori nitabeba hili, au nitatumia la kulekule?"

Mliolea watoto, naomba mniambie, nimjibu nini?